Waqar Younis na Elimu ya Mpira Mchakavu

Tarehe 15 Novemba 1989, Pakistan na India zilianza jijini Karachi mfululizo wa Tesiti, zile mechi za siku tano ambazo wapenzi wa kriketi huzihesabu kuwa kipimo cha kweli cha mchezaji. Miongoni mwa waliokuwa wakicheza Tesiti kwa mara ya kwanza walikuwamo vijana wawili. Sachin Tendulkar wa India alikuwa na miaka 16. Waqar Younis wa Pakistan, mrushaji wa kasi kutoka upande wa Burewala, Punjab, alikuwa akitimiza miaka 18 kesho yake. Tendulkar alipata mikimbio 15, kisha mpira wa Waqar ukampita na kuangusha vigingi vyake. Katika mechi hiyo Waqar aliwatoa wapigaji wanne, na mkongwe Kapil Dev alikuwa mmoja wao.

Mwezi uliofuata wawili hao walikutana tena Sialkot, katika Tesiti ya nne. Safari hii Waqar alirusha baunsa, mpira unaodunda karibu na katikati ya pichi na kuruka hadi usawa wa uso. Ulimpiga Tendulkar puani, damu ikamwagika. Kijana huyo alikataa kutoka uwanjani, akaendelea kupiga mpaka akafikisha mikimbio 57.

Mpira wa Sialkot ndio unaokumbukwa zaidi, lakini wa Karachi ndio uliochukua wiketi, yaani uliomtoa mpigaji. Miaka mitano ya mwanzo ya Waqar katika kriketi ya kimataifa ni hadithi ya mrushaji aliyeuelewa ukweli huo na kuufuata bila kusita. Warushaji wa kasi wa zama zake walitafuta vichwa na mbavu. Yeye alitafuta vidole vya miguu, tena kwa mpira ambao wengine waliuona umekwisha kazi. Namna alivyofanya inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, maana kasi peke yake haiielezi.

Tuanze na ardhi. Pichi za Pakistan kwa kawaida ni kavu, ngumu na hazina nyasi za kutosha. Mpira haudundi juu sana. Hata ukigusa ukingo wa bati, mara nyingi huanguka chini kabla ya kuwafikia wadakaji waliosimama nyuma ya mpigaji. Mpira mpya hupinda hewani kwa ova chache tu, yaani mafungu machache ya mipira sita, kisha ardhi ile ile huukwaruza ngozi yake na kuumalizia mng'ao. Kwa sheria, nahodha haruhusiwi kuomba mpira mwingine mpya mpaka ova 80 zipite. Kwa vizazi vingi, mrushaji wa kasi nchini humo alikuwa na dakika chache za mwanzo za kufanya kazi, na baada ya hapo alipumzika huku wazungushaji, warushaji wa polepole, wakichukua zamu.

Aliyefungua njia nyingine ni mrushaji wa Pakistan Sarfraz Nawaz. Mwezi Machi 1979, mjini Melbourne, alichukua wiketi 9 za Australia kwa mikimbio 86, na katika kipindi kimoja cha mechi hiyo alichukua saba huku akiruhusu mkimbio mmoja tu. Maarifa yake yalimfikia Imran Khan, na Imran akayapeleka kwa Wasim Akram na Waqar. Imran, aliyekuwa nahodha, alimwona Waqar kwanza kwenye televisheni, akamwingiza katika timu ya taifa kijana huyo akiwa bado hajulikani hata nyumbani.

Maarifa yenyewe ni haya. Mpira wa kriketi una mshono uliotokeza, unaougawa nusu mbili. Mrushaji akiuelekeza mshono upande kidogo, hewa inayopita upande wenye mshono huvurugika. Hewa iliyovurugika hung'ang'ania uso wa mpira kwa muda mrefu zaidi kuliko ile iliyotulia upande wa pili. Kwa sababu hiyo mpira husukumwa kuelekea kule mshono unakoelekea. Huko ndiko kupinda kwa kawaida, na mpigaji mzoefu hukusoma kwa kutazama mkono na mshono.

Lakini mpira ukiwa na kasi kubwa vya kutosha, hewa huvurugika pande zote mbili kabla hata ya kufika kwenye mshono. Hapo mshono hubadilika kazi: badala ya kuisaidia hewa kung'ang'ania, huifanya ibanduke mapema. Nguvu inageuka upande, na mpira unapinda kinyume cha mshono. Mpira mpya hufanya hivyo kwa kasi ambayo warushaji wachache duniani huifikia. Ngozi ikishakwaruzwa, kasi inayohitajika hushuka. Ndiyo maana timu ya Pakistan ilitunza upande mmoja kwa jasho na mate, ambayo enzi hizo yaliruhusiwa, na kuuacha wa pili uchakae wenyewe. Ardhi kavu iliyoua mpira mpya ikawa sasa inaandaa silaha ya alasiri.

Wengi huishia hapo wanapomweleza Waqar, na naamini wanaiacha sehemu bora zaidi. Kupinda kinyume walikujua Sarfraz, Imran na Wasim pia. Mchango wa Waqar ulikuwa kuoanisha kupinda huko na urefu wa mpira, yaani mahali unapogusa ardhi, kwa uthabiti ambao kabla yake haukuwa umeonekana.

Nguvu ya hewa inayousukuma mpira kando haifanyi kazi kwa mkupuo. Mpira huanza kuhama polepole, kisha unahama zaidi na zaidi kadiri unavyosafiri. Hesabu ya fizikia ni wazi: nguvu ikiwa ile ile njia nzima, mpira ukifika nusu ya muda wake hewani utakuwa umehama robo tu ya umbali wote wa kupinda. Robo tatu zilizobaki hutokea katika nusu ya mwisho. Sasa fikiria baunsa. Inagusa ardhi mapema, na mdundo unaivuruga safari hiyo kabla kupinda hakujakomaa. Mpira aina ya yoka, unaotua kwenye vidole vya mpigaji, hukaa hewani karibu njia nzima na hivyo huvuna kupinda kote.

Ongeza kasi. Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde baada ya kuachiwa. Mpigaji analazimika kuamua mapema, wakati mpira bado unaonekana kwenda nje ya vigingi. Anapokuwa ameshauinua mguu na kuanza kushusha bati, ndipo mpira unapoingia ndani. Hana muda wa kujirekebisha.

Mwili wa Waqar ulifaa kazi hiyo. Alikimbia kutoka mbali, kasi ikiongezeka kila hatua, na mkono wake haukupita wima kando ya sikio bali ulizunguka chini kidogo, kwa mtindo wa kuvurumisha. Mpira ukatoka kimo cha chini na kusafiri kama unateleza. Kwa baunsa huo ungekuwa upungufu. Kwa yoka ulikuwa faida, kwa kuwa mpigaji alikosa ule mteremko kutoka juu unaomsaidia kukisia mahali mpira utakapotua.

Faida nyingine ya yoka ni ya kisheria. Ili kumtoa mpigaji kwa kosa la mguu kuzuia mpira mbele ya vigingi, mwamuzi lazima aridhike kwamba mpira ungegonga vigingi, ambavyo kimo chake ni sentimita 71 tu. Mpira unaopiga goti au paja huacha shaka: pengine ungepita juu. Mpira unaopiga kidole cha mguu hauachi shaka hiyo. Katika miaka ambayo mwamuzi aliamua kwa macho yake tu bila marudio ya video, jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Zaidi ya nusu ya wiketi 373 alizomaliza nazo katika Tesiti zilikuja kwa kuangusha vigingi au kwa mguu, njia ambazo hazihitaji mdakaji. Tatizo la pichi ambazo mpira haufiki mikononi mwa wadakaji likawa limepata ufumbuzi.

Matokeo yalikuja haraka. Mwezi Aprili 1990, mjini Sharjah, alichukua wiketi 6 za Sri Lanka kwa mikimbio 26. Mwaka huo huo New Zealand walikwenda Pakistan kwa Tesiti tatu, na Waqar peke yake akachukua wiketi 29 kwa wastani wa mikimbio 10.86 kwa kila moja. Katika wiki ya kwanza ya Novemba na siku chache zilizofuata alichukua wiketi tano katika mechi tatu za siku moja mfululizo: Peshawar, Sialkot na Karachi. Mwaka 1991, akiichezea klabu ya kaunti ya Surrey nchini Uingereza, alikusanya wiketi 113 kwa wastani wa 14.65. Nambari hiyo ya Surrey ndiyo inayonishawishi zaidi, kwa kuwa ilipatikana mbali na vumbi la nyumbani.

Wasim Akram, aliyerusha kwa mkono wa kushoto, alishambulia kutoka upande wa pili, na wawili hao wakaleta sura mpya ya mchezo: kuporomoka kwa ghafla. Leeds, mwaka 1992, Uingereza walikuwa na mikimbio 292 kwa wiketi mbili. Walimaliza zote kwenye 320, Waqar akichukua tano. Hamilton, mwezi Januari 1993, New Zealand walihitaji 127 tu ili washinde. Walitolewa kwa 93, wiketi zote kumi zikigawanywa sawa kati ya Wasim na Waqar. Sababu ni ya kiufundi. Mpigaji aliyekaa muda mrefu ameshauzoea mwendo wa mpira, lakini akitoka, mwenzake anaingia na kukutana na yoka inayopinda kabla macho yake hayajaizoea pichi. Kila wiketi ilirahisisha inayofuata.

Kulikuwa na tuhuma, na hazipaswi kufichwa. Agosti 1992, waamuzi waliubadilisha mpira katika mechi ya siku moja kwenye uwanja wa Lord's, na magazeti ya Uingereza yakawatuhumu Wapakistani kuuchokonoa kwa kucha. Mwaka 2000, Waqar alifungiwa mechi moja kwa kosa la kuuharibu mpira. Rekodi hiyo ipo na inabaki. Hata hivyo, mpira uliokwaruzwa haujipeleki wenyewe kwenye vidole vya mpigaji. Warushaji wengi wameshika mipira iliyochakaa vile vile na hawakuweza hata robo ya kazi hiyo.

Gharama halisi ililipwa na mgongo wake. Nguvu ya kuvurumisha kwa namna ile ilimvunja mfupa mapema, na mwaka 1992 Pakistan ilitwaa Kombe la Dunia Australia bila yeye. Alirudi, akafikisha wiketi 150 katika Tesiti 27 na 200 katika Tesiti 38, lakini kadiri majeraha yalivyoongezeka, kasi ilipungua.

Kijana anayejifunza kurusha leo kwenye pichi kavu ana mengi ya kuchukua hapa, na kasi siyo la kwanza. La kwanza ni kujua urefu gani unaupa mpira wako muda wa kupinda. La pili ni kulenga vigingi, ili wiketi isitegemee mikono ya mwingine. Waqar aliyajua hayo mawili kabla ya kutimiza miaka 20, na kwa sababu hiyo namhesabu kuwa mwalimu wa ufundi huu, siyo tu mtu aliyejaliwa mbio na bega lenye nguvu.