X-Men ya 1991: Nakala Milioni Nane Zilisomwa na Nani?

Katika uhakiki wa fasihi pendwa kuna hoja isiyokosekana: kazi imeuzwa sana, kwa hiyo imefaulu. Tumeona vyema kuipima hoja hiyo kwa mfano wa mbali kidogo, yaani katuni za mashujaa wa Marekani, ambako takwimu za mauzo huhesabiwa kwa shauku kubwa.

Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men, lililotungwa na Chris Claremont na Jim Lee, Lee akiwa ndiye mchoraji. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na Guinness wakaliandika kuwa toleo la katuni lililouzwa kuliko yote. Je, X-Men ilikuwa na wasomaji milioni nane? Kwa maoni yetu, haikuwa nao hata kidogo.

Tuanze na mnunuzi. Hesabu ile ni ya nakala zilizoagizwa na wenye maduka ya katuni. Zamani, katuni zilipouzwa kwenye vibanda vya magazeti, nakala zilizobaki zilirudishwa na hasara ikawa ya mchapishaji. Mwenye duka la katuni hakuwa na haki hiyo. Nakala iliyolala kwenye rafu yake ilikwisha kuhesabiwa kuwa imeuzwa. Tena toleo lilikuwa na majalada matano: manne yaliungana kuwa picha moja, na la tano, la bei ya juu, liliyakusanya yote. Mtu mmoja aliweza kununua tano akasoma moja, kama aliisoma. Wengine walikuwa walanguzi tu. Walisikia kwamba katuni ya kwanza ya Superman, ya mwaka 1938, ina thamani kubwa, wakasahau kuwa thamani hiyo imetokana na uhaba, kwani wenyewe wa enzi hizo walizisoma wakazitupa. Kitu chenye nakala milioni nane kitakuwaje adimu? Bei ziliporomoka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Historia ya mfululizo wenyewe inafundisha zaidi. X-Men ya Stan Lee na Jack Kirby, iliyoanza 1963, ilidorora hata kuanzia 1970 ikawa inachapisha tena hadithi za zamani. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakaleta kikosi kipya, akiwamo Ororo, au Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. (Kenya hiyo ya wachoraji, yenye watu wanaomwabudu msichana mwenye nywele nyeupe ili awape mvua, inastahili uhakiki wa peke yake.) Claremont akaupokea mfululizo, akauandika kwa takribani miaka 16. Hadhira ilikua polepole. Jean Grey alipokufa mwaka 1980, wasomaji waliumia kwa sababu walikuwa wamemfuata kwa miaka. Mauzo ya aina hiyo yana maana kwa mhakiki: msomaji amerudi mwezi baada ya mwezi, bila kuvutwa na jalada la pekee. Na Claremont, aliyeijenga hadhira hiyo, aliondoka baada ya toleo la tatu la mfululizo mpya.

Hata kwetu zipo nakala za namna hiyo. Tamthilia ikiteuliwa kwa ajili ya mtihani, huuzwa kwa maelfu. Ikiondolewa, wauzaji wa vitabu vikuukuu hawana pa kuziweka. Mhakiki anayeandika kwamba tamthilia hiyo "inapendwa na wengi" kwa ushahidi wa mauzo amehesabu maagizo ya shule. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeandaa tasnifu kuhusu fasihi pendwa tunamwomba, kabla ya kumwendea mchapishaji kuuliza takwimu, apite kwanza maktabani na mabwenini, aangalie ni vitabu vipi vimeazimwa mpaka majalada yakatoka, na aulize wenzake ni kipi walikitafuta tena baada ya mtihani kwisha.