Mtalii ni Msomaji: Mlima Wetu Katika Vitabu vya Likizo za Waingereza

Neno "mtalii" tumelizoea mno, hata tumesahau lilikotoka. Zamani kutalii kulikuwa ni kuchunguza jambo, kupekua kitabu, kusoma kwa makini. Kwa maana hiyo, mtalii ni msomaji. Basi nimeamua kumchukulia Mwingereza anayeshuka pale KIA na begi lake mgongoni kwa maana hiyo ya kale, nikauliza swali la mhakiki: hawa watu wameusoma na kuuandika Mlima Kilimanjaro kwa miaka mia na hamsini na ushee. Wameusoma vizuri?

Jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Walianza kwa kusoma kwa shida lakini kwa macho mawili. Kadiri safari ilivyogeuka kuwa likizo, jicho moja likafumba.

Tuanze na mwaka 1871. Mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya sikukuu za benki, na watu wengi wakapata siku chache za kufunga kazi na kwenda zao ufukweni. Thomas Cook alikuwa ameshawaonyesha njia tangu 1841, alipowapakia watu kama mia tano kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Na mwaka huo huo wa 1871, Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipanda Kilimanjaro mpaka akaigusa theluji. Historia mbili, mwaka mmoja, na hazijuani kabisa. Karani wa London anakula likizo yake baharini. Mlima bado ni wa watu walio kazini: mmisionari, mpimaji, mwanasayansi, wakala wa dola.

Sasa angalia vitabu vya hao waliokuja kazini. Harry Johnston alifika 1884 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ametumwa kukusanya mimea na wanyama, akaishi Moshi chini ya Mangi Rindi, ambaye Wazungu walizoea kumwita Mandara. Kitabu chake, The Kilima-Njaro Expedition, kilitoka 1886. Sina hamu ya kumtetea. Huyu ndiye aliyeutazama mteremko wetu akaona mahali pa kuwaweka walowezi. Lakini kama maandishi, kitabu kina jambo ambalo vya leo havina: kina watu. Mangi ana hila na hesabu zake, wapagazi wana madai, lugha za Wachagga na za Wataveta zinapewa kurasa zake. Johnston hakuwa na namna. Chakula, ulinzi na mizigo vilikuwa mikononi mwa watu wale, hivyo ilibidi awasome.

Hata Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na ambaye Waingereza walimsoma kwa lugha yao kuanzia 1891, anamtaja kwa jina Mwinyi Amani wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu kwenye baridi ile. Mtu wa pwani, wa minazi na joto, analinda hema chini ya barafu! Hapo pana riwaya nzima. Upande wa Marangu tunamkumbuka pia mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa aliwaongoza, na ambaye alienziwa miaka mia moja baadaye, 1989.

Halafu likizo ikapanda mlima. Baada ya Vita vya Kwanza Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Moshi tangu enzi za Mjerumani, na Marangu ikapata hoteli. Mwaka 1927 Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha juu kabisa. Mwaka 1930 wakaja Bill Tilman na Eric Shipton, walowezi wa kahawa kutoka Kenya, wakapanda Kibo na Mawenzi kana kwamba wameenda kutembea Jumapili. Tilman aliandika habari hizo katika Snow on the Equator (1937), na niseme ukweli, ni kitabu kitamu. Mzaha wake ni mkavu, anajicheka mwenyewe kuliko anavyowacheka wengine. Ila ndicho kitabu ambamo naona badiliko. Tilman anajivunia kusafiri na watu wachache, ikiwezekana peke yake. Raha ya mlima sasa ni upweke. Na ukishaamua kwamba raha ni upweke, mtu anayebeba mzigo nyuma yako anakuharibia sentensi.

Huko kwao nako mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi yake ya likizo Skegness, na 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo, wiki moja kwa mwaka kwa mamilioni ya wafanyakazi. Ni ushindi mkubwa wa vyama vya wafanyakazi na siubezi. Vita vilipokwisha zikafuata ndege za kukodi na safari za kifurushi, na 1971 uwanja wetu wa KIA ukafunguliwa. Miaka mia moja kamili baada ya ile sheria ya benki, karani wa London akawa na njia ya kushuka karibu kabisa na mguu wa mlima.

Hapo ndipo ningetarajia maandishi yabadilike. Mwandishi sasa si bwana mkubwa tena. Ni mwalimu wa shule, muuguzi, fundi umeme, mtu anayehesabu siku zake za likizo na anayejua bosi ni nini. Nani zaidi yake angemwona mbebaji kama mfanyakazi mwenzake? Lakini soma simulizi zao, za vitabuni na za mtandaoni. Siku ya kwanza msitu na nyani, siku ya pili kichwa kinauma, usiku wa mwisho kutoka Kibo Hut gizani, machozi kwenye ukingo wa kreta, picha kwenye bango la Uhuru, mita 5,895. Wabebaji wanatokea mara tatu: wanapopita mbio na mizigo kichwani, wanapoimba, na wanapopewa bakshishi. Wanaongea maneno mawili tu, "pole pole".

Mwaka 2009 wasanii na watangazaji tisa, akiwemo Gary Barlow na Cheryl Cole, walipanda kuchangisha fedha za kupambana na malaria, na BBC ikawaonyesha nchi nzima wakitapika na kulia. Nia njema, fedha nyingi, sina ugomvi nayo. Lakini filamu ile ndiyo imekuwa kiolezo. Tangu hapo mlima ni mtihani wa nafsi ya mgeni, na mateso yanayohesabika ni ya mgeni peke yake.

Tofauti naiona hivi: aliyekuja kazini aligombana na mpagazi, aliyekuja likizo anampigia makofi. Sisemi turudi kwenye ugomvi na viboko. Nasema mtu unayegombana naye lazima umsikilize anasema nini, na unayempigia makofi si lazima. Likizo ni kukimbia kazi, na anayekimbia kazi hataki kuambiwa kwamba mahali alipofikia ni ofisi ya mtu.

Ni ofisi kweli. Wenyewe wanajiita wagumu. Getini mizigo inapimwa kwenye mizani, kilo 20 kwa mtu mmoja ndiyo kikomo, na wale wasiopata siku hiyo wanabaki nje ya geti wakisubiri jina lingine liitwe. Mjomba wangu aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Nilipomuuliza juu kukoje, aliniambia habari za mafuta ya taa, mpishi mlevi na viatu vya kuazima. Kilele hakukitaja. Hata ule wimbo wa Jambo Bwana, ambao wageni wanauandika kama sauti ya mlima, ulitoka kwa bendi ya Them Mushrooms huko Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya watalii wa hoteli za ufukweni. Mgumu anapouimba kambini anafanya kazi, kama mhudumu anavyosema karibu tena.

Lakini tusimlaumu mgeni peke yake, jamani. Nani kawaandikia Waingereza hayo matangazo ya safari? Mengi yanaandikwa hapa hapa Moshi, kwa Kiingereza cha kuazima, na humo mlima hauna watu.

Na kalamu hatukuikosa. Safari za Wasuaheli, alizozikusanya Carl Velten na kuzichapisha 1901, zina misafara ya bara inayosimuliwa kwa Kiswahili na walioitembea, na bei, njaa na hongo zake. Nathaniel Mtui wa Marangu aliandika historia ya Wachagga kwenye madaftari miaka ya 1910. Petro Itosi Marealle alitupa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Kwa hiyo tunao mtindo wa safari na tunao mtindo wa mlima. Ambacho sijakishika mkononi bado ni kitabu cha Kiswahili kinachoviunganisha: siku sita za Machame, zimeandikwa na aliyebeba hema.

Kitabu hicho kisiwe cha malalamiko tu, maana hayo nayo huwa yanachosha. Kiwe na wageni ndani, wenye majina na tabia, wasomwe kwa makini kama neno kutalii linavyotaka. Kama unamjua mgumu yeyote mwenye daftari lake, mwambie asiliache likaliwa na panya. Mimi niko tayari kulisoma, hata kama mwandiko ni mbovu.