Chombo Kisicho na Msumari

Mtepe haukupigiliwa msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, ukatwekwa tanga la mraba la miyaa, ukabeba boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu hadi Unguja. Kushona vyombo ni ufundi mkongwe katika pwani hii: Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinautaja mji wa Rhapta na vyombo vyake vya kushonwa.

Kamba ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Makumbi hufukiwa ufukoni, pale maji yajaapo na kupwa, yakaachwa miezi kadhaa yaoze. Yakifukuliwa hupondwa, usumba ukachambuliwa na kusokotwa kwa mikono. Fundi naye alitoboa kwa keke ukingo wa kila ubao, matundu yakikabiliana na ya ubao wa pili. Kamba ikapitishwa, ikavutwa kwa nguvu za watu, na kabla haijalegea kijiti kikagongwa ndani ya tundu kuibana. Hapo ndipo mkono ulipojulikana: kijiti chembamba kilipitisha maji, kinene kilipasua ubao, na cha kupimia kilikuwa kidole tu.

Mtepe ulivuja, hilo halifichiki, na mabaharia walifua maji safari nzima. Lakini ulinyumbuka. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, aliandika kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali cha kushonwa huhimili. Tena ubao ulioharibika ulifumuliwa ukashonwa mwingine. Msumari huliwa na kutu, ukaozesha na mti ulioushika.

Majahazi ya misumari yalishinda, na katika karne ya 20 mitepe ikatoweka. Iliyobaki ni mifano, kama ile ya makumbusho ya Lamu, ya kutazamwa tu. Oman ilipoamua kuunda Jewel of Muscat, meli ya kushonwa iliyofika Singapore mwaka 2010, ilileta washonaji kutoka Kerala, India, ambako kazi hiyo haijaachwa. Huku kwetu wanawake wa Jambiani na Paje wangali wakifukia makumbi na kusokota kamba. Kamba ipo; wa kushonea chombo ndio waliokwisha. Vyuo vya ufundi vya pwani viwaalike wa Kerala kabla nao hawajaisha.