Kintu Inakatala

Lenzi yangu ilikwama mwezi wa nane, ikiwa kwenye milimita 35. Ni zumu ya kawaida kabisa, ya 18 hadi 55, ile inayouzwa pamoja na kamera na kudharauliwa na kila mpiga picha aliyepata pesa kidogo. Nilikuwa nimetoka barabara ya Kasumbalesa, ambako malori ya shaba hupanga foleni kuelekea Zambia, na vumbi la huko lilikuwa limeingia hata kwenye mkate niliokuwa nimeufunga vizuri kwa karatasi. Nikazungusha pete. Ikaenda, ikakwaruza, ikasimama. Nikairudisha; ikarudi robo ya safari, ikakataa huko nako.

Nikakaza mkono. Nani asingekaza?

“Acha,” akasema papa mmoja, mzee wa mtaa wetu huku Katuba, ambaye tangu nikiwa mtoto anatengeneza redio na saa chini ya mwembe. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa amesikia tu ule mkwaruzo, akajua na kitakachofuata. “Kintu inakatala iko na sababu yake. Uliza kwanza sababu.”

Nilimwomba aifungue yeye. Akakataa: macho yake, alisema, yamebaki ya redio, na hata hizo ziwe za zamani. Akaniazima bisibisi tatu, ambazo sisi huku tunaziita turnevisi, na kibano kilichokuwa cha hospitali katika maisha yake ya kwanza. Ndivyo nilivyojikuta nyumbani, mbele ya meza ya kulia bukari, ugali wetu, nikiwa na kazi ambayo sikuwahi kuifanya.

Mji wetu, Lubumbashi, haukujengwa kwa kuviuliza sababu vitu vinavyokataa. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya machimbo ya Union Minière, ili mawe yapasuliwe, yachomwe, yatoe shaba yapende yasipende. Dohani ya kampuni ya Gécamines yenye mita 153, na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru kando yake, ndivyo mtoto wa Lubumbashi huchora akiambiwa achore kwao. Ukisema hapa kwamba mtu fulani ana mikono, watu wanaelewa ana nguvu. Anabeba, anagonga, anachimba. Yule anayekaa na kibano akitafuta punje ya mchanga ndani ya kitu kidogo kuliko kikombe cha chai, wapita njia wanadhani anapumzika.

Lakini kabla ya dohani walikuwepo walya mukuba, wala shaba, kama walivyoitwa wayeyushaji wa zamani wa nchi hii. Walisubiri kiangazi, mavuno yakiwa ndani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuvia moto kwa mivukuto ya ngozi, na shaba waliyoipata wakaimimina katika umbo la msalaba. Sidhani kama moto wa namna ile ulikubali pupa. Nawakumbuka kila ninapofungua kitu, maana miezi ya vumbi ilikuwa miezi yao.

Sasa zumu yenyewe. Ni kitu cha ajabu kuliko sura yake. Ndani mna bomba ndani ya bomba. Moja limekatwa mifereji iliyonyooka, jingine mifereji ya mshazari, kama njia inayouzunguka mlima. Vioo vimeshikwa na kikombe chenye vigurudumu vitatu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, na kila kigurudumu kinapita katika mifereji ya mabomba yote mawili kwa wakati mmoja. Ukizungusha pete, mfereji wa mshazari unakisukuma kigurudumu kando. Ule ulionyooka unakikataza kwenda kando. Basi hakibakiwi na njia ila kwenda mbele, na vioo vinakwenda nacho, na uso wa bibi harusi aliyekuwa mbali unakuja karibu bila wewe kunyanyua mguu. Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu: mwendo mzima unazaliwa na makatazo mawili yaliyopishana vizuri. Zumu ya kwanza iliyouzwa kwa kamera za filamu ya milimita 35 zinazotazama kupitia lenzi yenyewe, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru wetu. Kabla ya hapo aliyetaka kusogea karibu alitumia miguu, au alibadilisha lenzi.

Papa alikuwa amenipa somo moja kabla ya turnevisi: kwanza usifungue. Weka sikioni. Kukwama kuna sauti. Mchanga unakwaruza njia nzima, kama mtu anayetafuna bukari yenye vumbi. Kitu kilicholegea kinagonga mara moja, tk, na kila mara mahali palepale. Bomba lililopinda baada ya kuanguka halisemi kitu. Linabana upande mmoja, na kidole kinajua kabla ya sikio. Yangu ilikuwa na sauti mbili, mkwaruzo na ule tk, na hapo nikaanza kushuku kwamba mchanga ulikuwa mgeni tu, na mwenye kosa yuko ndani ya nyumba.

Niseme neno hapa juu ya zile kamera ndogo za mfukoni, ambazo lenzi yake hutoka yenyewe ukiwasha na kurudi ukizima. Hizo nazo hukwama kwa mchanga, tena upesi zaidi, kwa sababu mota yake ni dhaifu na gia zake ni za plastiki. Wengi huzipiga kofi, na mara moja moja kofi linafaulu, jambo ambalo limeharibu kamera nyingi kuliko mchanga wenyewe. Lakini kuzifungua simshauri asiyejua. Ndani mna kapasita ya flashi, kijibomba kidogo kinachoweza kuweka umeme wa volti 300 hivi, na kinaubakiza hata betri ikiwa imetolewa. Lenzi ya kamera kubwa, ikishatolewa kwenye kamera, haina nyoka huyo.

Nikatandika shuka jeupe mezani, ili kitakachoanguka kionekane na kisiviringike. Nikachora lenzi kwenye karatasi, duara moja kwa kila tabaka. Nikapanga vifuniko tisa vya chupa za bia ya Simba kwa mstari, maana skrubu za tabaka moja hazifanani na za tabaka jingine; zinatofautiana nusu milimita, na nusu milimita hiyo ikiingia mahali si pake itatoboa kitu au itakigusa kioo. Simu nikaiegemeza kwenye sukari, inipigie picha kila hatua. Haya yote yalichukua karibu saa nzima na hakuna nilichofungua bado. Ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini hatuihesabu kuwa kazi.

Skrubu za lenzi za Kijapani zina njama yake. Kichwa kina msalaba, unaona msalaba, unachukua turnevisi yoyote ya msalaba. Kumbe Wajapani wana kipimo chao cha msalaba, na turnevisi ya kawaida inaingia lakini haikai hadi chini. Ukizungusha, inapanda na kukila kichwa. Kikishaliwa, umekwisha. Dawa ni kusaga ncha ya turnevisi kidogo ili ishuke, kuweka tone la alkoholi ya famasi kwenye skrubu na kusubiri, kisha kusukuma chini zaidi kuliko unavyozungusha. Kusukuma ndiko kunakofungua. Nilijifunza hilo kwa skrubu ya pili, nikalisahau kwa ya kumi na moja.

Nyuma ya lenzi, chini ya ile pete ya chuma inayoshikana na kamera, nilikuta vipande vyembamba vya bati, vyembamba kama karatasi ya sigara. Mtu mwenye haraka angevitupa akidhani ni uchafu wa kiwandani. Ndivyo vinavyoweka umbali kati ya lenzi na kamera. Kimoja kikirudi upande usio wake, picha itakuwa kali kulia na ya ukungu kushoto, na utalaumu macho yako kwa mwaka mzima. Nikaviweka kwenye kifuniko chao na kuandika juu ya karatasi: kushoto, chini, chini tena. Halafu zikafuata tepe za nyaya, zile tepe bapa za rangi ya kahawia zinazopeleka umeme kwenye mota ya kulenga. Kila moja ina kufuli yake ndogo ya plastiki ambayo huinuliwa kwa ukucha. Utepe hauvutwi, unaachiwa.

Betri ya kamera ilikuwa pale mezani, pembeni ya sukari. Niliitazama sana usiku ule. Kobalti inayochimbwa nchini Kongo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na betri za namna ile huipenda kobalti. Huenda basi chembe fulani ya machimbo ya Kolwezi ilikwenda Asia, ikafungiwa ndani ya kijisanduku cheusi, ikanunuliwa tena na mtu wa Katanga kwa bei ambayo mchimbaji wake asingeiweza. Lakini nilipoiona mezani kwangu, kati ya vifuniko vya bia, sikukasirika kama ninavyokasirika nikisoma habari hizo. Ilionekana kama mtoto aliyerudi nyumbani na nguo za watu.

Kisha umeme ukakatika.

Nilipaswa kuacha. Kila fundi angeniambia niache. Nilikuwa kwenye tabaka la tatu, skrubu ya kumi na moja, na nilikuwa nimeanza kuona mfereji wa kwanza ukichungulia. Nikashika tochi ya simu kwa meno, nikazungusha bila kusukuma. Turnevisi ikapanda. Nikazungusha tena kwa hasira, si kwa skrubu ile, kwa umeme. Ikatoka hatimaye, kichwa chake kikiwa kimetafunwa kidogo upande mmoja. Nikaipangusa, nikaiweka kwenye kifuniko chake, kichwa chini.

Nilipofika ndani nikakuta lilichosema sikio. Kimoja kati ya vigurudumu vitatu, skrubu yake ilikuwa imelegea nusu mzunguko, na kilikuwa kimesimama mshazari kikiegemea ukuta wa mfereji. Mchanga wa Kasumbalesa ulikuwa umejaa mbele yake tu, kama takataka zinavyojikusanya mbele ya gari bovu barabarani. Nikapulizia kwa pampu ya mkono, lenzi ikiwa imeinama ili vumbi lianguke nje badala ya kuzama. Brashi laini. Pamba na alkoholi. Mafuta sikutia. Wengi hutia mafuta ya cherehani, lenzi inateleza kama samaki kwa wiki moja, kisha joto linayatembeza mafuta hadi kwenye yale majani membamba yanayofungua na kufunga mwanga, na majani yanagandamana. Nikaikaza ile skrubu, na juu yake nikatia tone la rangi ya kucha ya mke wangu, isiyo na rangi, ili isilegee tena. Asubuhi aliona kichupa mezani na hakuniuliza kitu, jambo lililonisumbua zaidi kuliko kama angeuliza.

Wapo mjini hapa watu wanaozishughulikia picha kwa uzito wake. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, aliwakata wafanyakazi wa Union Minière kutoka picha za kale na kuwasimamisha mbele ya magofu ya leo. Na ile asasi iitwayo Picha, aliyoianzisha pamoja na wenzake, imeleta Lubumbashi maonyesho makubwa ya sanaa tangu 2008. Nazipenda kazi hizo. Tangu usiku ule, hata hivyo, kila nikitazama picha ya zamani nawaza pia juu ya mtu ambaye hayumo ndani yake wala nyuma ya kamera: aliyekuwa ameipangusa lenzi ile wiki moja kabla.

Kurudisha kulichukua muda mfupi kuliko kufungua, ingawa nilitazama picha za simu kama mtu anayesoma barua ya kesi. Vifuniko vikawa vitupu kimoja baada ya kingine. Kulipopambazuka nikazungusha pete: 18, 24, 35, ikapita, 55. Kimya. Mvua zikija itanibidi nifikirie kuvu, ambao huota juu ya kioo kama utando wa buibui na kukila taratibu, lakini hiyo ni kazi ya mwezi wa kumi na moja.

Nikampelekea papa pamoja na turnevisi zake. Nilikuwa nimejiandaa azungushe pete, aiweke sikioni, aniambie neno. Hakuigusa pete. Alivaa miwani, akaipindua lenzi, akaanza kutazama vichwa vya skrubu, kimoja kimoja, akizunguka polepole kwa ncha ya ukucha. Ukucha ukasimama.

“Hii moya,” akasema, “uliikasirikia.”