Amon Ni Nani? Taharuki Iliyomeza Dhamira

Adui aliyevaa kinyago huiachia hadhira maswali mawili: huyu ni nani, na je, anayoyasema yana ukweli? Makala haya yanadai kwamba katika The Legend of Korra, katuni ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa na Nickelodeon mwaka 2012, swali la kwanza lilimeza la pili. Watunzi walichangia, na hadhira nayo ikawasaidia.

Katika sehemu ya kwanza, yenye vipindi 12, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko wanatuletea Amon, kiongozi wa watu wasioweza kuamuru maji, ardhi, moto wala hewa. Jamaa anasimulia kuwa mwamuru moto mmoja aliua familia yake na kumuunguza uso, ndiyo maana anavaa kinyago. Tena anaweza kumpokonya mtu nguvu zake! Lakini tuangalie mazingira. Magenge ya wenye nguvu yanawatoza wenye maduka fedha, na mwanabaraza Tarrlok anawawekea wasio na nguvu amri ya kutotoka nje usiku. Malalamiko yapo, hata kabla Amon hajafungua mdomo.

Washabiki walifanya nini? Walikisia. Wapo waliosema ni Koh, yule zimwi mwiba nyuso wa Avatar ya kwanza (2005–2008). Baada ya habari za mhalifu Yakone kusimuliwa, wengine wakamtafuta katika ukoo wake. Kukisia huku tusikudharau. Ni usomaji makini: kila kidokezo kinapimwa, kama hadhira ya fasihi simulizi isivyokaa bubu mbele ya fanani.

Tatizo ni kwamba adui aligeuzwa kitendawili tu. Katika mazungumzo ya michezo ya video adui ni kizuizi: ana mapigo gani, udhaifu wake uko wapi? Hiyo ni halali ya mchezo. PlatinumGames walipotoa mchezo wa Korra mwaka 2014, walimleta adui mwingine, Hundun, na mchezaji kazi yake ni kumpiga basi. Hadithi inadai zaidi ya hapo.

Mwishoni maji yanaosha uso wa Amon. Kumbe lile kovu ni rangi! Ni Noatak, mwamuru maji, mwana wa Yakone na kaka yake Tarrlok. Kifani, hapa watunzi wamefaulu: chini ya kinyago kulikuwa na kinyago kingine, na kifo cha ndugu hao wawili ndani ya mashua kinaumiza kweli. Kimaudhui, wamekwepa. Wafuasi wanaona wamedanganywa, harakati zinasambaratika, nasi tunatakiwa turidhike. Lakini akigunduliwa kuwa aliyewatangazia watu mvua ni mwongo, waliolowa hawakauki. Sehemu ya pili (2013) inatuonyesha mji ukiwa tayari na Rais Raiko, asiye na nguvu za kuamuru chochote. Jibu ni zuri, ila lilipatikana nyuma ya pazia.

Atakayesema hii ni katuni ya watoto tu, akumbuke kuwa mtoto huijua dhuluma mapema sana. Adui mpya akija, tukisie jina lake, ni raha yetu. Ila tusiache kuuliza: waliomfuata walikuwa wanalia nini?