Muhuri wa Ankara Unathibitisha Nini?

Wauzaji wengi wa nje huamini kwamba ankara ikigongwa muhuri na chemba ya biashara, bei yake imethibitishwa. Sivyo. Karani wa chemba hulinganisha sahihi iliyo kwenye ankara na sampuli ambayo kampuni iliiacha kwenye jalada, kisha hutazama kama ankara inaafikiana na cheti cha uasili: jina la mnunuzi, aina ya mzigo, uzito, idadi ya magunia. Bei inabaki tamko la muuzaji, na uongo ukigundulika ni wake.

Kwa mzigo wa nchi za Ghuba, muhuri huo ulikuwa mwanzo tu. Ankara ilitoka chemba, ikapita wizara ya mambo ya nje, ikaishia ubalozi wa nchi ya mnunuzi. Kila dirisha lilithibitisha muhuri wa dirisha lililotangulia. Hakuna aliyefungua gunia.

Tarehe 1 Februari 2023 Umoja wa Falme za Kiarabu ulimpa mwagizaji kazi ya kuithibitishisha ankara, kwa njia ya mtandao. Ankara ya dirham 10,000 au zaidi ilitozwa dirham 150. Mwagizaji alikuwa na siku 14 tangu tamko la forodha. Akizipitisha, faini ilikuwa dirham 500 kwa kila ankara. Ufundi uko kwenye hizo siku 14, maana mzigo haukulazimika tena kuisubiri karatasi. Ada ndiyo nisiyoikubali. Kwa ankara ya dirham 10,000 ni asilimia 1.5, kwa ya dirham milioni 1 ni asilimia 0.015. Mfanyabiashara mdogo ameonewa.

Benki nazo zina kipimo chao. Kanuni za UCP 600 za barua za mkopo (LC), zinazotumika tangu Julai 2007, hazidai hata sahihi kwenye ankara ya kawaida. LC ikitaka ankara "iliyothibitishwa" bila kumtaja mthibitishaji, kifungu cha 3 kinaridhika na sahihi, alama au muhuri wowote unaoonekana kutimiza sharti. Benki inaweza kulipa kwa muhuri ambao forodha ya mnunuzi itaukataa, na hapo ugomvi huanza.

Basi, ndugu muuzaji, kabla kontena halijafungwa lakiri, muulize mnunuzi: ithibitishwe na nani, wapi, na kwa gharama ya nani? Jibu lake liandikwe ndani ya LC yenyewe.