Kutisha Mara ya Pili: Kutoka Mzimu Hadi Kisima

Wanafunzi wetu wa Likoni na Kisauni hushikilia kwamba filamu ya kutisha haizai mfano wake: ya pili huwa kivuli cha ya kwanza. Dai hili lina uzito, lakini halistahili kupita bila kuhakikiwa.

Mwaka 1960 zilitokea kazi mbili: filamu ya Alfred Hitchcock, Psycho, na riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale. Zote hujenga hofu, kisha huifumbua: nyuma ya mzimu, kama nyuma ya mama yake Norman Bates, yupo binadamu. Hapo ndipo penye tatizo la kazi ya pili. Siri ikishafichuliwa, haitishi tena.

Psycho II (1983) ya Richard Franklin ilikwepa mtego huo. Swali lake kuu ni iwapo Norman, aliyekwisha kuachiliwa, ataachwa apone. Abdulla alikuwa ametangulia. Kisima cha Giningi (1968) chabeba jina la makao ya wachawi katika masimulizi ya Unguja na Pemba. Hata hivyo, msomaji amjuaye Bwana Msa hamngoji mchawi, humtafuta mtu. Kufikia 1973 jina la riwaya halikuhitaji mzimu wala kisima: Duniani Kuna Watu.

Kwa hiyo kazi ya pili haiifikii ya kwanza kwa kurudia kitisho chake, bali kwa kukihamisha. Aogopaye mzimu huweza kuepuka njia ya mzimuni; aogopaye watu atapita wapi?